Nimetoa lebo ya "watoto", mbona picha za watoto bado zimo?

Swali: "Natunza picha na ripoti za asasi yetu. Tunafanya kazi Pwani na Morogoro, na faili zimefika kama elfu tisa. Lebo tumeziweka wenyewe, watu watatu kwa nyakati tofauti. Mwezi uliopita mfadhili aliomba picha za mafuriko ya Rufiji ya 2024, zisizo na watoto wala wagonjwa. Nikatafuta mafuriko, nikatoa watoto na wagonjwa, nikatuma picha kama mia nne. Nikaletewa malalamiko: watoto wamo, na mmoja amelala kitandani zahanati. Wiki hiyohiyo mkurugenzi alitaka ripoti za mavuno, ila za 2019 zisiwemo kwa kuwa tulishaziondoa na kuziandika upya. Nikatoa 2019, ikapotea ripoti yetu kubwa inayolinganisha 2019 na 2023. Tatizo ni programu? Mwenzangu anashauri kila faili tuiongezee lebo za kukanusha: bila-watoto, bila-wagonjwa, si-rasimu. Nimsikilize, au niache kabisa kutafuta kwa kutoa?"

Ndugu msomaji, kwenye picha utafutaji wako uliacha ndani kilichopaswa kutoka. Kwenye ripoti ulitoa nje kilichopaswa kubaki. Amri ni ileile moja, na imekuumiza pande zote mbili, kwa hiyo sishangai unataka kuiacha. Usiiache. Programu nayo haina hatia, au tuseme hatia yake ni ndogo na nitaitaja. Ushauri wa mwenzako una nusu nzuri sana, na nusu nyingine itawachosha bure.

Tuanze na picha, kwa kuwa ndiko kwenye madhara. Ulipoandika mafuriko ukatoa watoto, uliamini umeagiza picha ambazo hazina watoto. Kompyuta haijawahi kuziona picha hizo; inachokiona ni lebo. Agizo ililolipokea ni hili: nipe faili zenye lebo ya mafuriko ambazo hakuna mtu aliyeziwekea lebo ya watoto. Faili ikikosa lebo hiyo, huenda mtu aliiangalia akaona kweli hakuna mtoto. Huenda pia mtu aliiweka haraka, akaandika "mafuriko, Rufiji, 2024" akaendelea na nyingine. Na huenda aliwaona watoto vizuri kabisa, ila akaandika neno jingine. Ni kama daftari la mahudhurio lenye nafasi tupu mbele ya jina: huwezi kujua kama mwanafunzi hakuja au mwalimu hakuita majina siku hiyo.

Hilo la neno jingine lifuatilie kwanza, maana ni rahisi kulithibitisha. Fungua orodha ya lebo zenu zote, si faili, lebo zenyewe, uipange kwa alfabeti. Watu watatu kwa nyakati tofauti? Nina hakika utakuta watoto, mtoto, Watoto-shule, wanafunzi, vijana, pengine na familia. Kwako wewe mtoto na watoto ni kitu kimoja. Kwa programu nyingi hayo ni maneno mawili yasiyojuana, kwa sababu Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni wakati programu hizo zilitengenezwa kwa lugha zinazobadilisha mwishoni. Ukitafuta kwa kuchagua, kasoro hii inakupunguzia matokeo nawe unaiona: "mbona picha chache?" Ukitafuta kwa kutoa, kasoro hiyohiyo inakuongezea matokeo, na hakuna anayeshtuka akiona picha nyingi. Makosa ya kutoa hayapigi kelele.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulishike hata kama mengine yote utayasahau. Faili ambayo haijawekewa lebo huangukia pande tofauti kutegemea ulivyouliza. Ukitafuta kwa kutoa, faili hiyo inabaki ndani. Ukitafuta kwa kudai lebo fulani iwepo, inabaki nje. Kwa hiyo kabla ya kuandika chochote jiulize ni kosa gani litakalokugharimu zaidi: kukosa kitu kilichotakiwa, au kumfikishia mtu kitu kisichotakiwa. Ukiogopa kukosa, toa. Ukiogopa kuvujisha, usitoe, dai uthibitisho.

Picha za mfadhili zilikuwa za kundi la pili. Kukosa picha nzuri kumi za mafuriko si hasara kubwa, lakini kutuma picha moja ya mtoto mgonjwa ni hasara. Swali lililofaa lilikuwa: nipe picha za mafuriko ambazo mtu amezikagua na kuandika kwamba zinaweza kutoka nje ya ofisi. Huenda ungepata sitini badala ya mia nne. Hizo sitini ndizo ulizokuwa nazo kweli. Nyingine zilikuwa dhana.

Watu wanaokusanya tafiti za tiba walikutana na mkasa huu zamani, na suluhisho lao linafaa kuangaliwa kwa karibu. PubMed, hazina ya marejeo ya tafiti za afya inayotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ina mfumo wa lebo rasmi uitwao MeSH. Humo mna lebo ya wanyama na lebo ya binadamu. Mtafiti anataka tafiti zilizofanywa kwa watu, hana haja na za panya. Wazo la kwanza ni kutoa wanyama. Lakini makala kuhusu kichaa cha mbwa ina mbwa na ina mtu aliyeumwa; ukitoa wanyama, na mgonjwa anaondoka. Tena kuna mtego mbaya zaidi: MeSH imepangwa kama mti, na binadamu yuko ndani ya tawi la wanyama. Lebo ya wanyama ikitafutwa inachukua matawi yake yote, hivyo anayetoa wanyama anafagia na watu wote. Wazo la pili ni kudai lebo ya binadamu iwepo, na hapo zinaachwa nje makala ambazo hazijapewa lebo yoyote.

Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua ushahidi wa tiba, huepuka mitego yote miwili kwa mstari huu:

NOT (animals[mh] NOT humans[mh])

Yaani: ondoa zile zenye wanyama ambazo hazina binadamu (NOT ni "ondoa", na [mh] inaonyesha kwamba neno ni lebo ya MeSH). Kinachotolewa ni zile tu ambazo mtu amethibitisha ni za wanyama peke yao. Yenye wanyama na watu inabaki, na isiyo na lebo inabaki ili isomwe kwa macho. Wamechagua upande wa kutoa kwa sababu wao wanaogopa kukosa: utafiti mmoja ukiachwa unaweza kubadili hitimisho kuhusu dawa. Kama wangekuwa wanaogopa kuvujisha, mstari huo ungekuwa mbovu.

Sasa ripoti yako ya mavuno. Imepotea kwa njia ileile ya kichaa cha mbwa: ina 2019 na ina 2023, na kutoa hakujali faili ina nini kingine. Kikionekana kilichokataliwa, faili nzima inaenda. Ungeweza kuiga mstari wa Cochrane hivi:

mavuno NOT (2019 NOT 2023)

Ripoti yenye 2019 peke yake inatoka, yenye miaka yote miwili inabaki. Kama miaka ni mingi, ndani ya mabano utaandika 2019 NOT (2020 OR 2021 OR 2022 OR 2023). Programu nyingi zenye uwezo huo hutaka maneno haya, NOT, OR ("au") na AND ("na"), yaandikwe kwa herufi kubwa, na mabano yana kazi. Bila mabano, PubMed kwa mfano husoma kutoka kushoto kwenda kulia tu na kukupa kitu kingine kabisa.

Hata hivyo mimi nisingefanya hivyo. Rudia ombi la mkurugenzi: hakuwa na ugomvi na mwaka 2019, alikuwa anazikwepa ripoti zilizoondolewa. Wewe ukatoa mwaka kwa kuwa mwaka ulikuwa karibu na mkono. Na kama programu yako inatafuta ndani ya maandishi yote, "2019" ipo kwenye tanbihi, kwenye majedwali, kwenye tarehe ya barua iliyoambatanishwa. Ulikuwa unatupa ripoti za 2022 kwa sababu zimetaja takwimu za 2019 kwenye ukurasa wa arobaini. Toa kwa sababu halisi. Ripoti zilizoondolewa ni chache na mnazijua. Mtu mmoja akae nusu siku aziwekee zote lebo moja, imeondolewa, kisha mtoe hiyo. Kutoa hufanya kazi vizuri sana hapo, pale ambapo kinachotolewa ni kidogo, kinajulikana chote, na kimewekewa lebo chote. Rasimu ni hivyohivyo. Nakala zilizojirudia nazo. Kwa kazi hizo tumia alama ya kutoa bila woga.

Nilisema programu ina hatia ndogo. Iko kwenye namna inavyolinganisha maneno. Google hulinganisha maneno mazima, na alama ya kutoa lazima igusane na neno: -rasimu, bila nafasi katikati. Kichujio cha jedwali la Excel cha "haina" hulinganisha herufi zilizofuatana popote zilipo. Jaribu kutoa lima kwenye safu ya maelezo, ukitaka kuondoa habari za kulima. Itaondoka kulima na wanalima, vizuri. Itaondoka pia mlima. Itaondoka Kilimanjaro. Na kila sentensi yenye neno alimaliza itaondoka, maana l-i-m-a zimo ndani yake zimejificha. Lakini kilimo itabaki, na hiyo ndiyo uliyotaka kuiondoa zaidi. Kiswahili kwa viambishi vyake kinaadhibu sana utoaji wa aina hii, kwa hiyo usitoe kwa kipande cha neno kwenye maelezo marefu. Toa kwenye safu ya lebo, kwa neno kamili.

Kosa jingine hukulitaja lakini nalishuku, kwa jinsi ulivyolieleza ombi. Mdomoni tunasema "sitaki za watoto au za wagonjwa" na kila mtu anaelewa kwamba hatutaki zote mbili. Ukiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo na kuandika mafuriko AND (NOT watoto OR NOT wagonjwa), umeagiza picha isiyo na watoto, au picha isiyo na wagonjwa, yoyote kati ya hizo. Picha ya watoto wanaocheza kwenye maji haina mgonjwa, imepita. Picha ya mzee kitandani haina mtoto, imepita. Itakayozuiliwa ni ile tu yenye mtoto na mgonjwa kwa pamoja. Sahihi ni NOT (watoto OR wagonjwa), au ukipenda kuvunja mabano, NOT watoto AND NOT wagonjwa. Kukanusha kukiingia ndani ya mabano, "au" inageuka "na". Kanuni hiyo inaitwa kwa jina la De Morgan, mwanahisabati wa Uingereza wa karne ya 19. Picha yako ya mtoto kitandani zahanati haikupita kwa njia hii, maana ina vyote viwili. Hiyo ilikosa lebo tu. Lakini zile nyingine ningezitazama.

Kuhusu lebo za kukanusha. Mwenzako ameona jambo la kweli: "hapana" inahitaji kuandikwa na mtu, haiwezi kusomwa kwenye ukimya. Tatizo ni kwamba vitu ambavyo picha haina havina mwisho. Picha ya daraja lililovunjika haina watoto, haina wagonjwa, haina ng'ombe, haina nembo ya mfadhili. Mkianza kuandika yote hayo mtafika faili ya mia mbili mchoke, na kuanzia hapo lebo za kukanusha zenyewe zitakuwa na mapengo, mrudi mlipoanza.

Chagueni maswali machache ambayo jibu lake la "hapana" lina uzito, mawili au matatu basi. Kwenu ningesema: je, kuna mtoto anayetambulika? Je, kuna mtu aliye katika hali ya kumdhalilisha, kama mgonjwa au maiti? Je, idhini ya aliyepigwa picha ipo? Kwa kila swali wekeni safu yenye majibu matatu: wapo, hawapo, haijakaguliwa (kwa idhini: ipo, haipo, haijakaguliwa). Faili zote elfu tisa zianze na "haijakaguliwa", hata zile mnazodhani mnazijua. Anayekagua anabadilisha, na anaweka jina lake na tarehe. Sasa "hawapo" ni kauli ya mtu, na unaweza kuidai iwepo. Mengine yote, mahali, zao, msimu, mradi, yabaki lebo za kawaida bila kukanusha.

Na kama kuna lebo iitwayo bila-idhini, ifuteni leo. Kwa lebo hiyo mmeweka alama kwenye picha mbaya na kuziacha nzuri bila alama, kwa hiyo kila picha ambayo haijaguswa inaonekana kama imeruhusiwa. Igeuzeni iwe idhini-ipo. Picha isiyo na alama itakuwa haijaruhusiwa, na mtu akisahau kuweka lebo, kusahau kwake kutamkosesha mfadhili picha badala ya kumwanika mtoto. Kati ya yote niliyoandika hapa, hii ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa. Ningeanza nayo kabla ya chai.

Unganisheni pia yale maneno yanayofanana. Amueni ni watoto au mtoto, wingi au umoja, herufi ndogo zote, na orodha ya lebo iwe ukurasa mmoja uliobandikwa, si kumbukumbu ya mtu. Mpya inaongezwa kwa makubaliano.

Iwapo siku moja mtahamia kwenye kanzidata inayotumia SQL, yaani lugha ya kuulizia data, kuna jambo litakalowashangaza. Pale nafasi tupu huitwa NULL, na haihesabiwi kuwa ni "si rasimu". Ukiuliza faili ambazo hali yake si rasimu, zenye nafasi tupu haziji. Ukiuliza ambazo ni rasimu, haziji pia. Zimetoweka pande zote mbili, kinyume na nilivyoeleza kuhusu lebo. Dawa yake ni kuongeza kwa maandishi OR hali IS NULL, au bora zaidi, kutokuruhusu nafasi tupu na kuweka "haijakaguliwa" tangu mwanzo.

Kuna kipimo cha kugundua faili zinazotoweka hivyo, na kinafaa hata kwenye mfumo mlio nao sasa. Hesabu faili zote za mafuriko. Hesabu zenye watoto. Hesabu ambazo umetoa watoto. Mbili za mwisho zikijumlishwa lazima zilingane na ya kwanza. Zisipolingana, kuna faili zinazotoweka au amri umeiandika vibaya. Kulingana hakuthibitishi kwamba lebo ni za kweli. Kwa hilo hakuna njia ya mkato: chukua sampuli bila kuchagua, fungua kwa macho. Na usijidanganye na sampuli ndogo. Ukikagua picha 100 usikute hata kosa moja, kwa makadirio ya kawaida ya takwimu bado inawezekana hadi 3 katika kila 100 za matokeo yote zikawa na kosa. Kwenye picha 400 hizo ni 12. Kwa ripoti za mavuno hilo linavumilika. Kwa picha za watoto zinazotoka nje ya ofisi, fungueni zote, moja moja, watu wawili.

Kuna upande ambao mimi wa lebo na nyaraka siwezi kuumaliza kwa maandishi. Picha zilishatoka. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na picha ya mtoto anayetambulika akiwa kwenye matibabu si jambo la kusubiri. Mwandikieni mfadhili leo azifute na athibitishe kwa maandishi kwamba amezifuta na kwamba hakuzisambaza. Kisha kaeni ana kwa ana na mwanasheria wenu au afisa anayeshughulikia ulinzi wa watoto, mkiwa na picha zenyewe na orodha ya waliozipokea, ili aamue kama kuna taarifa ya kupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kama wazazi wanapaswa kuambiwa. Msiamue hilo wenyewe kwa kuwa mfadhili amekuwa mpole.

Kwa kazi ya lebo, elfu tisa ni nyingi kwa mtu mmoja lakini si za kukodi kampuni. Anzeni na zile zinazoombwa mara kwa mara: mafuriko ya 2024 kwanza, kisha zenye zahanati na shule. Kama mtu wa masijala au mkutubi yuko karibu nanyi, mwombeni siku moja aje aone orodha yenu ya lebo mkiwa nayo mezani. Ataona zinazogongana ndani ya saa moja, kazi ambayo mimi kwa mbali siwezi. Programu mpya msinunue kabla orodha hiyo haijanyooka, maana mtahamisha mtoto, watoto na Watoto-shule kama walivyo, na safari hii kwa malipo ya kila mwezi.